UZI: Risasi ya shotigani kwa ulinzi wa nyumba. Acha jina la boksi, angalia karatasi na kuta zako

Mlinda Kizingiti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali hili haliishi: mtu amepata kibali chake, ana shotigani halali ya geji 12, anasimama mbele ya rafu ya maboksi na hajui ashike lipi. Muuzaji anamwambia "beba hii, hii ndiyo kali." Anabeba, anajaza bunduki, anaifungia kabatini, basi. Hajui risasi ile ikitoka mtutuni itafanya nini ndani ya sebule yake.

Ukali peke yake haumsaidii mwenye nyumba. Risasi ya nyumbani ina kazi mbili zinazovutana: imsimamishe mtu aliyeingia kwa nia ya kuua, na isimguse mwingine yeyote. Kwa hiyo mimi nashikilia hivi: chukua marisawa makubwa, yaani ganda lenye punje nene za risasi, na kati ya hayo chagua yale ambayo bunduki YAKO inayatupa yakiwa yamebanana kwa umbali mrefu kuliko wote uliomo ndani ya nyumba yako. Punje inayokosa shabaha haipotei hewani. Inaendelea mpaka ikutane na kitu, na nyumbani kitu hicho kinaweza kuwa mwanao.

Sheria kabla ya yote. Kuna nchi zinazokataza aina fulani za risasi, kuna zinazoweka ukomo wa idadi, na kuna zinazotaka risasi zifungiwe mbali na bunduki. Muulize aliyekupa kibali kabla hujanunua chochote, na ujue vizuri sheria ya kujilinda inakuruhusu kufyatua wakati gani.

Tuje kwenye ganda lenyewe. Chini kuna fataki, juu yake baruti, halafu kikombe cha plastiki, na punje zimo ndani ya kikombe. Geji ni hesabu ya zamani: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi kuwa mipira 12 iliyo sawa, kipenyo cha mpira mmoja ndicho upana wa mtutu wa geji 12, kama milimita 18.5. Geji 20 ni kama milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unapungua.

Marisawa ya ndege ndiyo yanayopendekezwa sana na watu wa mitaani, kwa hoja kwamba hayatoboi ukuta. Namba 7½ ina kipenyo cha milimita 2.4, na gramu 28 zake ni punje kama 350. Piga hesabu: kila punje haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Punje nyepesi namna hiyo hupoteza mwendo mara tu inapogusa nyama. Kwenye jeli ya majaribio, ile inayotengenezwa ili kuiga mwili, kwa kawaida huishia kati ya sentimita 10 na 15. Jeraha linakuwa pana na la kutisha, lakini halina kina.

Kina kina maana gani? Aprili 1986 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili wenye silaha huko Miami. Maofisa wawili waliuawa. Mmoja wa majambazi alipigwa mapema risasi iliyopita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo FBI waliweka kipimo ambacho kinatumika mpaka leo: risasi ipenye jeli angalau sentimita 30, na ikiwezekana isizidi 46. Mtu atasema kifua cha binadamu hakina sentimita 30. Kweli, lakini mtu hasimami kifua wazi akikungoja. Anasimama upande, mkono uko mbele, amevaa koti zito.

Kipimo hicho ndicho kinachotupeleka kwenye marisawa makubwa, ambayo wengi huyaita bakishoti. Sifuri mbili (00) ina punje za milimita 8.4, kila moja karibu gramu 3.5, na ganda la kawaida la milimita 70 hubeba punje 9, mengine 8. Namba 1 ni milimita 7.6, gramu 2.6, punje 16. Namba 4 ni milimita 6.1, gramu 1.3, punje 27. Hizo mbili za kwanza hupita sentimita 30 bila shida. Namba 4 iko mpakani. Chapa moja inafika, nyingine haifiki.

Hapo kwenye namba 4 fungua macho. Kuna namba 4 ya bakishoti na kuna namba 4 ya ndege, ambayo punje yake ni milimita 3.3 tu. Maboksi yote mawili yana "4" kubwa mbele. Soma maandishi madogo, na angalia idadi ya punje.

Slagi, yaani kipande kimoja cha madini cha gramu kama 28 kinachotoka kwa mwendo wa mita karibu 480 kwa sekunde, mimi siiweki ndani ya nyumba. Ni risasi nzuri shambani na porini. Ndani, itapita mtu, itapita ukuta wa ndani, na bado itakuwa na nguvu ya kuua upande wa pili.

Karibuni tujadili.

Fundi Saruji

Asante kwa uzi, mkuu. Ila hapo kwenye marisawa ya ndege na ukuta nataka ufafanuzi. Mimi nyumba yangu vyumba vimegawanywa kwa jipsamu. Si afadhali nitumie hayo madogo?

Mlinda Kizingiti

Mkuu, swali zuri sana, na hapa ndipo watu wanapopotoshwa.

Marisawa yakitoka mtutuni hayatawanyiki hapo hapo. Mita tatu au nne za kwanza bado yanakwenda kama bonge moja. Ukikosa shabaha kwa umbali huo, bonge hilo linatoboa ubao wa jipsamu, na mara nyingi linatoboa na ule wa upande wa pili. Mtu aliyelala nyuma ya ukuta huo hayuko salama. Nguvu yanaipoteza haraka kuliko 00, hilo sikatai, lakini "hayatoboi ukuta" si kweli.

Kwa upande mwingine, risasi yoyote inayoweza kupenya jeli sentimita 30 itapita kuta kadhaa za jipsamu. Hakuna inayosimamisha mtu kwa uhakika na papo hapo ikasimama kwenye jipsamu. Ukiona tangazo linaloahidi vyote viwili, rudisha boksi kwenye rafu.

Kwa hiyo nyumba ya jipsamu inalindwa kwa pembe. Kaa chini utafakari: mimi nikiwa mlango wa chumba changu, mtu akitokea koridoni, nyuma yake kuna nini? Kama ni chumba cha watoto, hapo si mahali pa kufyatulia, hata risasi iwe ipi. Hamisha kitanda cha mtoto, au badilisha mahali utakaposimama. Kabati lililojaa vitabu husaidia. La nguo halisaidii kitu.

Tofali na zege ni habari nyingine. Ukuta imara wa tofali kwa kawaida unaizuia bakishoti, lakini punje inayoupiga kwa upande hairudi kama mpira. Huelekea kuteleza ikifuata ukuta, sentimita chache tu kutoka kwenye plasta. Koridoni hilo ni jambo zito. Mtu aliyejibanza ukutani akidhani amejificha yuko kwenye njia ya punje hizo. Fundisha familia yako wasijibanze koridoni. Waingie chumbani, wajifungie, walale chini.

Kijana wa Pampu

Mimi nilidhani uzuri wa shotigani ni kwamba huhitaji kulenga sana. Unafyatua tu upande ule, marisawa yanafagia.

Mlinda Kizingiti

Hapana ndugu yangu. Hilo ondoa kichwani kabla hujashika bunduki tena.

Kadirio linalotumika sana ni kwamba kwa mtutu usio na choki, yaani usiobanwa mdomoni, bakishoti ya kawaida hutanuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Sebule nyingi ukipima kona kwa kona hazizidi mita 7. Kwa umbali huo kundi la punje ni kama sentimita 17 au 18. Kwa mita 3 ni kama tundu moja lenye kingo zilizochanika. Ukilenga ovyo unakosa kabisa, na punje zote 9 zinakwenda usikokujua.

Mama Wawili

Kaka, naomba nikuulize. Mimi si mtu wa mwili mkubwa, na bunduki iliyopo nyumbani ni geji 12. Nilipopelekwa uwanjani kujifunza bega liliuma siku nzima na nilianza kufumba macho kabla ya kufyatua. Nifanyeje?

Mlinda Kizingiti

Dada yangu, tatizo hilo linatibika, na risasi ndiyo dawa ya kwanza.

Bakishoti ya kawaida hutoka kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. Zipo zilizopunguzwa teke, zinazotoka kwa mita kama 350 hadi 365. Polisi wa Marekani wamezitumia kwa miaka mingi. Umbali wa sebuleni tofauti hiyo haiondoi kina kinachohitajika, lakini bega linaisikia, na la maana zaidi, mtutu unarudi kwenye shabaha haraka. Faida nyingine: punje zinazosukumwa taratibu hazibonyei sana zikitoka, kwa hiyo mara nyingi kundi linabanana zaidi.

La pili ni urefu wa kitako. Bunduki nyingi zimetengenezwa kwa mwanaume mrefu. Kitako kikiwa kirefu kwako, unaegemea nyuma, na teke linakusukuma. Fundi bunduki mwenye leseni anaweza kukifupisha au kukuwekea kingine pamoja na mpira wa begani.

Geji 20 pia ni chaguo la heshima. Lakini kama nyumba ina geji 12 na geji 20 kwa pamoja, tafadhali risasi zisichanganyike hata siku moja. Ganda la geji 20 likitumbukizwa kwenye geji 12 linateleza linapita chemba, yaani nafasi ya nyuma ambamo risasi hukaa, na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano, ili jicho likuamshe.

Mzee wa Shabaha

Nimefundisha kulenga kwa muda mrefu, naomba niongezee kwenye hilo la karatasi alilolitaja mleta uzi kwenye kichwa cha habari, maana ndilo watu wanaloliruka.

Pima umbali mrefu kuliko wote ndani ya nyumba yako, kwa futi ya kupimia, si kwa macho. Nenda uwanja wa shabaha, tundika karatasi kubwa kwa umbali huo huo. Nunua boksi dogo dogo la chapa tatu au nne za 00 au namba 1. Kila chapa piga karatasi yake, si chini ya mara tatu, karatasi mpya kila mara, na uandike juu yake jina la risasi na umbali. Halafu zitandaze mezani uhesabu matundu.

Utaona mambo. Bunduki mbili za aina moja, risasi ya boksi moja, zinatoa makundi tofauti. Na kwenye 00 ya punje 9 utakutana na jambo hili: matundu manane yamekaa pamoja unaweza kuyafunika kwa kiganja, na la tisa liko peke yake pembeni kabisa, karibu na ukingo wa karatasi. Rudia, tundu la pembeni linatokea tena, upande mwingine. Zungushia tundu hilo kalamu nyekundu uliangalie vizuri. Hiyo ndiyo punje inayokwenda chumba cha pili.

Zipo za punje 8 ambazo mara nyingi hazina tabia hiyo. Kampuni ya Federal wana kikombe walichokiita FliteControl. Vikombe vya kawaida hupasuliwa kwa mbele vikafunguka kama maua na kuziachia punje mapema. Hiki hakifunguki hivyo, kinashikwa breki kwa nyuma na punje zinatoka zikiwa pamoja. Kwenye bunduki nyingi kundi lake linapungua sana. Angalia pia kama boksi limeandikwa kwamba punje zimeongezewa antimoni au zimepakwa shaba au nikeli. Punje ngumu haibonyei, na isiyobonyea inakwenda moja kwa moja.

Choki isikusumbue sana. Mtutu ulio wazi au wenye mbano mdogo unatosha ndani ya nyumba.

Kijana wa Pampu

Wazee, na zile za mpira? Nimeona watu wanaweka ya kwanza ya mpira, ya pili marisawa.

Mlinda Kizingiti

Mimi siafiki, na nina sababu mbili. Kwa karibu, mpira na vifuko vya marisawa vimewahi kuua watu. Polisi wanaovitumia hufundishwa umbali wa chini na sehemu za mwili za kuepuka. Wewe sebuleni huna umbali huo. Na mbele ya sheria umefyatua bunduki, kwa hiyo utaulizwa maswali yale yale. Upande wa pili, kama kweli maisha yako yako hatarini, umetumia nafasi ya kwanza kumkasirisha mtu. Kama hali haijafikia kiwango cha kutumia risasi ya kweli, basi haijafikia kiwango cha kufyatua. Funga mlango, piga simu polisi, paza sauti kwamba una silaha.

Za chumvi, za moto zinazotema cheche, na zile za vishale, sitazijadili kwa kirefu. Hiyo ya moto itakuchomea pazia na nyumba.

Fundi Saruji

Na yale maganda mafupi, ili zijae nyingi kwenye magazini?

Mzee wa Shabaha

Ya milimita 44 au hapo jirani. Pampu nyingi, zile bunduki unazovuta na kusukuma kwa mkono ili risasi ipande, haziyapandishi vizuri, ganda linageuka njiani na kukwama. Risasi moja ya ziada haina thamani ya bunduki iliyokwama usiku.

Na ukienda upande wa pili, usidanganyike na maganda marefu ya milimita 76 au 89. Kwanza angalia mtutu wako umeandikwa nini. Urefu wa ganda hupimwa likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo ganda la 76 linaweza kuingia kwenye chemba ya 70 bila kukuzuia, halafu mdomo wake ukakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo likapanda mpaka pa hatari. Hata chemba ikiruhusu, unaongeza teke tu. Milimita 70 inatosha.

Wenye nusu-otomatiki, zile zinazojipandishia risasi zenyewe: risasi zilizopunguzwa teke huenda zisiisukume mashine mpaka mwisho. Piga maboksi kadhaa uwanjani kabla hujaiamini.

Mama Wawili

Watoto je? Hapo ndipo roho yangu ilipo.

Mlinda Kizingiti

Dada, bunduki ikae kwenye sefu iliyofungwa, iwe usiku iwe mchana. Juu ya kabati si sefu, uvunguni si sefu. Yapo masefu madogo ya namba au alama ya kidole yanayofunguka kwa sekunde chache. Kama sheria yenu inataka risasi zifungwe peke yake, zifungwe peke yake.

Chemba iwe tupu. Watu hudhani kitufe cha usalama kinatosha, lakini kwenye pampu nyingi kitufe hicho kinafunga triga tu. Bunduki ikianguka na risasi iko chembani, inaweza kufyatuka.

Na iwe na tochi, ama juu ya mtutu, ama mkononi ukiwa umejifunza kuitumia. Bila kuona uso huwezi kujua aliye gizani ni nani, na anaweza kuwa mwanao aliyeamka kunywa maji. Ujue pia kwamba mlio wa shotigani hupita desibeli 150, na masikio huanza kudhurika kwa mlio wa ghafla wa 140. Vifaa vya masikio vya kielektroniki, vile vinavyokuwezesha kusikia sauti ndogo na kuzima kubwa, viwekwe ndani ya sefu hiyo hiyo.

Mkazi Mpya

Nimesoma uzi wote, asanteni wakuu. La mwisho: nina boksi la 00 ambalo limekaa kwenye magazini ya bunduki muda mrefu sana bila kutumika. Bado zinafaa?

Mzee wa Shabaha

Zitoe uziangalie moja moja mchana, mahali pakavu, mtutu umeelekea pasipo na mtu. Ganda la plastiki likikaa muda mrefu chini ya springi ya magazini huwa linabonyea na kutanuka katikati. Pitisha kidole kuanzia kwenye shaba mpaka mdomoni, utasikia pale palipovimba. Angalia shaba kama ina kutu ya kijani, na mdomo uliokunjwa kama umeanza kufunguka. Zilizo nyooka na kavu zipeleke uwanjani uzimalize kwa mazoezi, halafu jaza mpya, na tangu hapo uwe unazibadilisha kila unapokwenda kulenga. Zilizovimba au zenye kutu zisiingie tena kwenye bunduki wala zisitupwe jalalani. Zipeleke kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi, uulize kwanza kwa simu namna wanavyozipokea.